Sabuni Iliyopungua Wakia Mbili

Nyinyi vijana wa ofisi ya mizani mmeniomba nikae chini niwaandikie habari za kazi kabla sijasahau. Nimekaa. Niko kwangu Kiamunyi, mbuzi wa jirani anakula ua langu, na kalamu ninayo. Cheo nilikipata lini na mshahara ulipanda lini, hayo yamo kwenye faili, kama panya wa stoo hawajayamaliza. Mimi nitawaambia jambo ambalo halimo kwenye faili yoyote.

Siku ya chai ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza, "Mzee, hawa watoto wa chuo kikuu wameingiwa na nini? Mtu ana digrii, ofisi inamngoja, yeye anasema anataka kufungua biashara!" Mkacheka, mkidhani huo ni ugonjwa wa siku hizi. Wakati huo huo kuna mzee mfupi alikuwa ameketi karibu na mlango, amepakata kifurushi cha gazeti, na wawili wenu mkanong'onezana kwamba ni samaki. Hakuwa samaki. Na yule mzee ndiye jibu la swali lenu, kwa sababu mimi nilimuuliza swali hilo hilo miaka ya hamsini, hapa hapa Nakuru, na nusura jibu lake linipotezee kazi.

Lakini nianze pa kuanzia. Siku yangu ya kwanza nilifika mapema, shati limepigwa pasi mpaka linanikwaruza shingo. Nilitarajia kupewa meza. Nikapewa kitambaa. Aliyenipa ni Mzee Ondiek, mkubwa wetu sisi Waafrika pale ofisini, mtu mrefu, mkavu, asiyecheka kabla ya saa sita. Alifungua sanduku la mbao, na ndani yake mawe ya mizani ya shaba yamejipanga, kuanzia kubwa la kubebwa kwa mikono miwili hadi dogo la kupotelea kwenye ukucha. Nikanyoosha mkono nishike moja. Akanichapa vidole.

"Jasho lako lina uzito," akasema. "Ukiligusa leo, ukiligusa kesho, mwaka ujao jiwe linasema uongo, na wewe ndiye mwalimu wake."

Wiki mbili nzima nilisugua shaba kwa kitambaa bila kugusa mizani ya mtu. Nilimchukia, sitawaficha. Leo nikiona mnavyorusha mawe ndani ya gari kama viazi, namkumbuka na moyo unaniuma.

Mzee Ondiek alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa mkaguzi mwingine yeyote. Tukifika dukani, kabla hajagusa mizani ya mwenye duka, aliweka sanduku letu juu ya kaunta na kusema, "Pima yangu kwanza." Iwe kwa Mhindi wa duka kubwa, iwe kwa mama wa sokoni mwenye mizani ya kuning'iniza, ilikuwa ni hivyo. Mwenye duka alete mawe yake, alinganishe na yetu, aridhike, ndipo tuanze. Wengine walidhani ni mtego. Nilimuuliza kwa nini tunapoteza muda.

"Mtu anayekagua wenzake na yeye hakaguliwi," akasema, "huyo ni mwizi mwenye karatasi."

Basi tukazunguka. Njoro kwenye mashine za posho, Molo kwa wakulima wa pareto, Gilgil kwa wenye mabucha. Hiyo Kikopey yenu ya nyama choma ilikuwa bado vumbi na punda milia. Mwenye bucha mmoja alikuwa amebandika donge la mafuta chini ya sahani ya mizani, akaapa kwamba ni uchafu tu. Nikamwambia uchafu wake una robo ratili, na ninaupeleka kortini kama ulivyo. Nilijivunia sana jibu hilo. Nilikuwa kijana, na niliamini dunia ina watu wa aina mbili, wezi na sisi.

Ndipo ikaja barua. Mwandiko mzuri, Kiswahili safi, imetoka kwenye landhi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi wake. Mwandishi alisema jina lake ni Jotham, ni mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kampala, yuko nyumbani kwa likizo ndefu, na ameanza kutengeneza sabuni ya mche. Alituomba tafadhali twende tukague mizani yake.

Mzee Ondiek aliisoma mara mbili, akacheka, na saa sita ilikuwa bado. "Panya amemwandikia paka barua!"

Tulikwenda wote wawili. Nyuma ya landhi, kwenye uwanja wa udongo mwekundu, tulikuta pipa juu ya mawe, moto chini yake, na kijana mfupi aliyevaa suruali ya shule iliyotobolewa magotini na kostik, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni. Mafuta ya ng'ombe aliyapata kwa wenye mabucha, kostik aliinunua mjini, akachemsha, akamimina kwenye visanduku vya mbao, na asubuhi yake akaikata kwa waya uliokazwa. Kila mche aliuweka kwenye mizani. Ukizidi, anapunguza. Ukipungua, anaurudisha pipani. Kisha anaupiga muhuri wa mbao alioutengeneza mwenyewe: RATILI MOJA.

Mzee Ondiek akaweka sanduku. "Pima yangu kwanza."

Jotham hakudhani ni mtego. Alileta mawe yake, akalinganisha moja moja, akainua macho. "Yako sawa, mzee," akasema, kana kwamba alikuwa na shaka. Nikampenda kwa hilo.

Nikapima mizani yake. Sawa. Nikapima miche kumi iliyokatwa asubuhi ile. Ratili moja, ratili moja, ratili moja barabara. Nikaandika karatasi, nikatia sahihi yangu kwa madaha. Halafu nikamuuliza lile swali.

"Wewe una bursari. Ukimaliza, serikali inakungoja na meza. Nini kimekuleta kwenye moshi?"

"Mama anafulia nyumba za Milimani," akasema. "Sabuni anayopewa inamchubua mikono."

"Ungemnunulia mafuta ya kujipaka," akasema Mzee Ondiek.

Kijana akacheka, akakubali kwamba si hilo tu. "Kule chuoni tulitengeneza sabuni siku moja, kidogo tu. Mwalimu akaitazama, akatupa alama, akasema tuimwage. Nilipata alama nzuri, mzee. Lakini tuliimwaga! Sabuni nzima!" Bado ilikuwa inamuuma, ungedhani ni jana.

Hapo ndipo baba yake alipotokea, ametoka zamu, uso mweusi kwa makaa. Alikuwa fayaman, yule wa kutia makaa kwenye tanuri la gari-moshi. Alitusalimia kwa heshima, akatuuliza kama kijana wake amevunja sheria. Tulipomwambia hapana, ni kama alisikitika.

"Miaka kumi na minane," akamwambia mwanawe mbele yetu, "nakoleza moto wa wenyewe, ili wewe usikae karibu na moto. Sasa umejiwashia wako?"

Jotham akasukuma kuni chini ya pipa. Baba yake akatugeukia. "Siku akifukuzwa chuo kwa ajili ya mambo ya mafuta ya ng'ombe, mimi sitamjua." Akaingia ndani.

Njiani Mzee Ondiek alinipa maoni yake. Biashara, alisema, huanzishwa na njaa, na huyu hana njaa, basi likizo ikiisha na pipa litakuwa limeisha. Mimi nilikuwa nawaza juu ya ile sabuni iliyomwagwa.

Wiki sita zikapita. Jumatatu moja asubuhi mkubwa wa ofisi akaniita. Alikuwa Mzungu, na sisi tulimwita Bwana Darubini kwa sababu alikuwa na kioo cha kukuzia vitu, na alikitumia hata kusoma saa. Mezani kwake palikuwa na miche mitatu yenye muhuri RATILI MOJA. Mwenye duka mmoja wa Bondeni alikuwa ameileta kulalamika. Bwana Darubini akaipima mbele yangu. Kila mmoja ulipungua karibu wakia mbili.

"Andika kesi," akasema.

Nilirudi mezani kwangu. Mwanafunzi akihukumiwa kwa kuwapunja watu, bursari imekwenda, na chuo kimekwenda, na baba yake alikwisha sema. Lakini jina jingine lilikuwa kwenye jambo hilo, nalo ni langu, kwenye karatasi iliyosema kwamba mizani yake ni sawa. Mkuki kwa nguruwe! Miaka yote ile nilikuwa nawapeleka wenzangu kortini huku napiga mluzi.

Nikaushika mmoja wa ile miche. Ulikuwa mkavu, mgumu kama kigae. Na nikakumbuka ile niliyoipima kule landhi, ilivyokuwa laini, inateleza, ina jasho. Maji! Sikupima sabuni peke yake, nilipima sabuni na maji yake. Kijana alikuwa na kemia ya Kampala, mimi nilikuwa na shaba iliyosuguliwa wiki mbili, na sote wawili tulijua kila kitu isipokuwa kwamba sabuni hukauka.

Mchana wa siku hiyo hiyo, baiskeli ikagonga ukuta wa ofisi. Ni Jotham. Uso umemsawajika, mkononi ana mche mmoja umefungwa kwa gazeti.

"Karani," akasema, "nimekuja kujishtaki."

Nikadhani amesikia habari za malalamiko. Kumbe wapi, hakuwa amesikia lolote. Asubuhi ile mama yake alikuwa ameteremsha mche kutoka juu ya boriti ya jikoni, akausifu kwamba umekauka vizuri na umekuwa mwepesi. Lile neno mwepesi lilimchoma. Aliupima, akapanda baiskeli.

"Kuna mtu amekutuma?" nikamuuliza.

"Nani anitume?"

"Si ungenyamaza tu? Likizo inaisha. Ungerudi Kampala, ukawe afisa."

Akaufungua ule mche kutoka gazetini. "Nikiwa afisa," akasema, "nikikosea, litakuwa kosa la serikali. Litazungushwa kwenye mafaili mpaka lichoke. Hili ni langu. Nimelipiga muhuri mwenyewe." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na kama kosa si langu, basi hata ile sabuni nzuri si yangu."

Enyi vijana, nimewauliza watu wengi swali lenu la biashara tangu siku ile. Kuna aliyeniambia ni fedha, kuna aliyeniambia ni ubishi na mjomba wake, kuna waliofukuzwa kazi wakakosa pa kwenda. Sibishani nao. Lakini jibu lililonifanya nisimame kutoka kwenye kiti ni hilo moja.

Nilisimama kweli, lakini sikwenda popote. Niliogopa. Karatasi yangu ilisema tu kwamba mizani ni sawa, na mizani ilikuwa sawa. Hakuna mtu ambaye angeuliza sabuni ilipimwa ikiwa mbichi au kavu. Ningeweza kumwandikia kesi na nisiguswe hata unywele. Mzee Ondiek alikuwa amesikia yote kutoka mezani kwake. Alilisukuma lile sanduku la mawe ya shaba juu ya meza mpaka likagusa kifua changu.

"Pima yako kwanza," akasema.

Tukaingia kwa Bwana Darubini, Jotham na mimi. Nikamwambia kwamba miche ilikuwa mibichi siku ile, kwamba mimi ndiye niliyeipima na kuikubali, na kwamba kama kuna kesi, iandikwe na jina langu. Jotham akaweka mche wake mezani, akasema ameuleta mwenyewe. Bwana Darubini akachukua kioo chake, akaitazama ile sabuni mpaka nikadhani anaisoma.

"Wewe hapana jua sabuni nakauka?" akaniuliza kwa Kiswahili chake.

"Sikujua, Bwana."

Akakiweka kioo chini. "Mimi pia hapana jua," akasema. Halafu akaukaza uso tena. Akatupa muda mpaka Jumamosi. Kila mche uliouzwa upate haki yake, uwe dukani, uwe kwa mfuaji. La sivyo, Jumatatu ni korti, na sisi wote wawili.

Kazi kama ya wiki ile sijawahi kuifanya tena. Jotham aliikatakata sabuni yake kavu kuwa vipande vidogo, tukazunguka madukani na mizani kwenye baiskeli, tunapima, tunaongeza, tunaomba radhi. Madukani ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa wale waliokwisha kununua, nao karibu wote walikuwa wanawake wa landhi.

Basi Jumamosi asubuhi Jotham akaweka mizani juu ya stuli pale kwenye bomba la maji, ambapo landhi nzima inafua. Akasimama mbele yao. Mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye mama wote wale walikuwa wamemtaja kwenye maombi kanisani!

"Mama zangu," akaanza, "sabuni niliyowauzia ilipungua. Nimekuja kuwarudishia."

Wakacheka. Mmoja akauliza kama kuna mtu amemroga. Mwingine akasema, "Huko Kampala ndiko mnafundishwa hivyo?" Mikono ya Jotham ilitetemeka hivi kwamba sahani za mizani hazikutulia, na mizani isiyotulia haisemi kitu. Nikataka kumsaidia, lakini mkaguzi hapaswi kuushika mzigo anaoukagua.

Mama yake alikuwa pale pale, mikono ndani ya beseni. Nikamsogelea nikamuuliza, "Mama Jotham, wewe ulijua kwamba sabuni hupungua?"

"Kila mtu anajua," akasema. "Tunaianika juu ya boriti mwezi mzima ndipo tuitumie, maana mbichi huisha haraka. Nyinyi mlikuja na mizani ya serikali, nikadhani mnajua zaidi. Mngeniuliza. Kuuliza si ujinga."

Sijawahi kukaripiwa vizuri namna ile.

Ndipo umati ukapasuka, akaja baba yake Jotham. Ametoka zamu, nguo za reli, makaa usoni. Alisimama akamtazama mwanawe, na wanawake wakaacha kufua, maana maneno yake kuhusu lile pipa yalijulikana landhi nzima. Nilijua kwamba kama angegeuka akaenda zake, kijana yule asingewasha moto tena maishani mwake.

Hakugeuka. Alipiga hatua, akaishika ile mizani kwa mkono wake mkubwa mweusi, ikatulia.

"Huyu ni mwanangu," akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kushinda gari-moshi. "Amekosea. Njooni mchukue haki yenu."

Wakaja, mmoja mmoja. Jotham anapima, baba ameshika. Mimi niligeuka nikajifanya naangalia mawingu, machozi yananitoka, na sioni haya kuyataja.

Bwana Darubini alifika baadaye, akapima vipande vitatu, akarudi kwenye gari. Korti haikuwapo. Waliokosekana walikuwa wanne tu, watu wa reli waliokuwa wamehamishwa pamoja na jamaa zao, wawili Eldoret, mmoja Kisumu, mmoja hatukujua wapi. Jotham aliwaandikia watatu, na barua hazikujibiwa. Bwana Darubini alisema wanne si kitu. Jotham akayaandika majina ya wote wanne kwenye daftari.

Jumatatu nilipewa barua ya onyo, kwa uzembe wa kupima bidhaa mbichi. Barua zangu za kupandishwa cheo sijui ziko wapi. Hiyo nimeitia kwenye fremu, iko ukutani sebuleni, na mgeni akiuliza namsimulia mpaka chai inapoa.

Jotham alirudi Kampala akamaliza masomo. Alipewa meza, akaikataa kwa barua yenye mwandiko ule ule mzuri, na rafu za kwanza za kuanikia sabuni katika karakana yake zilipigwa misumari na fayaman mmoja mstaafu ambaye hakutaka kusaidiwa. Mche haukutoka pale kabla ya kukauka. Kila mwaka nilipokwenda kukagua, niliweka sanduku na kusema maneno ya Mzee Ondiek, Mungu amrehemu, na kila mwaka Jotham aliyapima mawe yangu yote, hakuruka hata moja.

Sasa turudi kwenye kifurushi cha gazeti. Mlipomaliza soda zenu mkaondoka, yule mzee mfupi alinisogelea akanipa. Ni mche wa sabuni. Nyinyi mlikuwa mmenizawadia lile sanduku la zamani la mawe ya shaba, na mizani ilikuwapo, basi nikaupima. Mazoea. Ulizidi uzito wake ulioandikwa, na uliozidi ni wakia mbili.

Hilo halikunishangaza. Miaka yote sabuni yake ilizidi, nami niliandika "haina upungufu" nikapita, maana sheria haiulizi kilichozidi, na mimi nilidhani ni woga wa mtu aliyewahi kuungua. Lakini jioni ile sikuwa mkaguzi tena, nikauliza.

"Jotham, mbona huwa inazidi?"

"Ni ya wale wanne," akasema. "Sikuwapata. Siwezi kujua ni nani kati ya wanunuzi aliye mtoto wao au mjukuu wao. Basi nawapa wote."